Gereza Ambako Mbwa Hutangulia Kutoka

Ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba kuna mji ambako watu wakienda likizo humwacha mbwa wao gerezani, tena kwa malipo, atakutazama vibaya na kukuuliza umekunywa nini asubuhi. Sisi mbwa tunamwachia bawabu, au jirani mwenye huruma, au tunamwachia Mungu. Lakini mji huo upo. Unaitwa Gig Harbor, katika jimbo la Washington huko Marekani, na gereza lenyewe ni la wanawake.

Fuatana nami basi, mpenzi msomaji, twende tukaone.

Kwanza usiichanganye Washington hii na mji mkuu anakokaa rais. Huo uko mashariki, upande wa bahari ya Atlantiki. Hili ni jimbo zima lililo upande wa pili wa nchi, linapakana na Kanada, na mji wake mkubwa ni Seattle. Ukitoka Seattle unashika barabara kuu nambari 5 kuelekea kusini hadi Tacoma, kisha unakata kulia na kufuata barabara nambari 16. Safari yote ni yapata kilomita 70. Siku ya anga safi utauona Mlima Rainier mkono wa kushoto, umejitwika theluji, urefu wake mita 4,392. Usiuonee kijicho, maana Kirinyaga yetu inaupita kwa mita 800 na ushei. Ila siku za anga safi si nyingi. Wakati wa baridi mvua ya huko haishuki kwa kishindo kama masika yetu. Hunyunyiza tu mchana kutwa kama mtu anayelalamika chini kwa chini, na mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni.

Ukishaiacha Tacoma unavuka mkono wa bahari juu ya daraja refu la kuning'inia. Daraja hilo ni la mwaka 1950, na kando yake liko la pili la mwaka 2007 ambalo utarudia. La kwanza kabisa halipo tena. Lilifunguliwa Julai 1940, na kila upepo ulipovuma lilikuwa likipanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo upepo ukalisokota mpaka likakatika na kutumbukia majini. Wanafunzi wa uhandisi huonyeshwa filamu yake hadi leo. Hakuna binadamu aliyekufa. Aliyekufa ni mbwa mmoja aliyeitwa Tubby, aliyekuwa ndani ya gari la mhariri wa gazeti la huko. Mwenye gari alitambaa juu ya daraja akaokoa roho yake. Waliorudi kumtoa mbwa walishindwa. Alikuwa ameingiwa na hofu kiasi cha kumng'ata mtu aliyenyoosha mkono kumwokoa.

Mshike huyo mbwa mwenye hofu akilini, kwa kuwa ndugu zake ndio tunaokwenda kuwatembelea.

Gig Harbor ni mji mdogo wa wavuvi. Jina lake lilitokana na mashua ndogo ya wapima bahari wa Kimarekani waliojificha humo mwaka 1841 wakikimbia dhoruba. Baadaye walikuja Wakroeshia na nyavu zao, na wajukuu wao bado wapo. Siku hizi utaona mashua za matajiri na mikahawa ya samaki. Gereza haliko hapo ufukweni. Liko nje ya mji, kati ya miti mirefu ya jamii ya misonobari. Lilifunguliwa mwaka 1971 kwa jina la Purdy, na hata baada ya kupewa jina rasmi refu, Washington Corrections Center for Women, wenyeji wengi wanaendelea kuliita Purdy tu. Ndilo gereza kubwa la wanawake katika jimbo hilo.

Aliyewaingiza mbwa humo ni mwanamke aliyejua maana ya kufungiwa. Pauline Quinn alitoroka kwao akiwa msichana mdogo, akapitishwa katika taasisi moja baada ya nyingine, akalala barabarani. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba kilichomwinua ni mbwa wa aina ya Jamani Shepadi aliyeitwa Joni. Akitembea na Joni watu walimheshimu, na yeye akaanza kutembea kifua mbele. Baadaye akawa mtawa wa shirika la Wadominiko. Mwaka 1981 mpango wake ukaanza pale Purdy, akisaidiwa na Dakta Leo Bustad, mkuu wa chuo cha madaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Huyu naye alikuwa ameonja kufungwa: katika Vita Vikuu vya Pili alikuwa mateka wa Wajerumani. Mtu na mtu hao wawili, hukuhitaji kuwaeleza seli ni kitu gani. Bustad alifariki mwaka 1998, Mtawa Pauline mwaka 2020. Mpango wao, Prison Pet Partnership, ulienezwa na kuigwa katika magereza mengi, ya wanawake na ya wanaume pia.

Sasa tazama kazi yenyewe inavyokwenda.

Mbwa wengi wanaoletwa Purdy wametoka katika vituo vya mbwa waliookotwa. Usidhani mbwa koko ni wa kwetu tu. Wakati Mtawa Pauline anaanza kazi, Wamarekani walikuwa wakiua mamilioni ya mbwa na paka kila mwaka katika vituo hivyo kwa kukosa wa kuwachukua. Basi anachukuliwa mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya sindano, analetwa gerezani, na anapewa mwanamke wa kumlea. Analala naye seli moja. Anamwamsha alfajiri akitaka kutoka. Akitapika usiku, ni yeye wa kufuta.

Wewe uliyelelewa Buruburu au Kondele unajua tulivyowafunza mbwa wetu: teke, jiwe, na mfupa siku ya Krismasi. Na msomaji wa Lamu au Mombasa, ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi, atauliza kulala naye chumba kimoja kwawezekanaje. Swali lake ni la haki, ingawa yeye ndiye anayekijua vizuri kisa cha Watu wa Pangoni na mbwa wao. Huko Purdy teke halina nafasi. Mbwa akifanya sawa anapewa kipande cha chakula na sifa. Akikosea, hapewi kitu, na mnaanza upya. Mnaanza upya mara ishirini, mara hamsini. Mbwa aliyepigwa na watu hukojoa akiona mkono ukiinuliwa, au hung'ata, kama Tubby wa darajani. Ukimkaripia umepoteza kazi ya mwezi. Hebu fikiria mwanamke ambaye maisha yake yote hakuna aliyemngoja kwa subira, sasa yeye ndiye anayetakiwa kumngoja mnyama mpaka akome kutetemeka. Nadhani hapo ndipo palipo ugumu wa kazi hii, kuliko katika kumfundisha mbwa kuketi.

Na mafunzo si ya kuketi tu. Wale wenye kipaji huandaliwa wawe mbwa wa kuwatumikia watu wenye ulemavu. Hujifunza kuwasha taa kwa kubonyeza swichi, kufungua mlango kwa kuvuta kamba iliyofungwa kwenye kitasa, kuokota kilichoanguka. Kama umewahi kuuguza mtu aliye katika kiti cha magurudumu, unajua ufunguo ukianguka sakafuni ni sawa na kuanguka kisimani. Tangu sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu walemavu, mbwa wa namna hiyo huruhusiwa kuingia na mwenyewe dukani na hotelini, na mwenye duka hana ruhusa ya kumfukuza kwa sababu tu ni mbwa.

Wengi hawafikii daraja hilo. Mbwa anayekimbizana na kila paka hafai kumvusha mtu barabara. Hao hufunzwa adabu ya nyumbani na kupewa familia, na wenyewe gerezani wana utani wao: husema kwamba mbwa huyo ameachiliwa kwa masharti.

Kisha kuna ile biashara niliyoanza nayo. Kwa miaka mingi wanawake hao wamekuwa pia wakipokea mbwa wa raia, wakiwaosha, wakiwachana na kuwanyoa manyoya, na kuwatunza wenyewe wakiwa safarini. Ndiyo, ni saluni ya mbwa. Cheka ukitaka. Lakini huko saluni za mbwa ziko karibu kila mji, na mwanamke anayetoka na cheti cha kazi hiyo ana pa kubisha hodi kesho yake.

Si kila mfungwa anayekubaliwa. Lazima awe na mwenendo mzuri gerezani, na katika mipango mingi ya aina hii aliyefungwa kwa kuwadhuru watoto au wanyama hapewi mbwa. Ndiyo maana mimi huzipokea kwa uangalifu zile habari kwamba waliofunza mbwa hawarudi jela. Walichaguliwa wakiwa tayari wametulia. Utajuaje kilichowazuia kurudi ni mbwa au ni wao wenyewe? Nafasi pia ni chache. Na mbwa hapunguzi kifungo hata siku moja. Wako Wamarekani wanaonung'unika kwamba mfungwa hakupelekwa pale kucheza na mbwa. Wangemkuta saa kumi na moja alfajiri, mvuani, akiokota kinyesi, huenda wangelipata neno jingine badala ya kucheza.

Upande wa mashariki wa nchi hiyo kuna gereza jingine la wanawake linalofaa kutajwa. Ukiwa New York unapanda treni katika stesheni ya Grand Central na kwenda kaskazini hadi Bedford Hills. Mwaka 1997 Gloria Gilbert Stoga alianzisha hapo mpango uitwao Puppies Behind Bars. Hawa hawaokoti mbwa. Huleta vitoto vya mbwa wa mbegu teule, vya majuma manane hivi. Mwanzo walilelewa kwa ajili ya vipofu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 wakaanza kufunzwa kunusa mabomu, na kuanzia mwaka 2006 wengine wamekuwa wakipewa askari waliojeruhiwa vitani Iraq na Afghanistan. Shida moja ya huko ingekuchekesha: kitoto cha mbwa kilichokulia jela hakijui dunia. Hakijaona lifti, wala basi, wala mtoto anayelilia aisikrimu. Basi watu wa kujitolea hukichukua na kukitembeza mjini, kisha hukirudisha kwa mlezi wake ambaye hajaikanyaga barabara ile kwa miaka kumi au ishirini.

Bedford Hills wafungwa wamekuwa wakiruhusiwa kukaa na watoto wao wachanga tangu mwaka 1901. Purdy ilianza mpango wake mwaka 1999, kwa wajawazito wenye vifungo vifupi. Kwetu, kama ujuavyo, mama aliye Gereza la Wanawake la Lang'ata anaweza kukaa na mtoto mpaka afikishe miaka minne, kisha mtoto hutoka na mama hubaki. Kutoka huko hakufanani na jambo lingine lolote, na sitathubutu kukulinganisha na kumwaga mnyama. Lakini wengi wa wanawake walio katika magereza ya Marekani ni mama, na watoto wao wako nje, kwa bibi, kwa shangazi, au kwa watu wasiowajua. Wanapokuja kutoa mbwa, hawajifunzi kutengana. Hilo wanalijua.

Siku yenyewe huja. Kabla yake kuna kipindi ambacho atakayemchukua mbwa hufunzwa namna ya kuishi naye. Huyo mgeni anatoa amri, na mbwa, badala ya kumtii, anageuza kichwa kumtafuta yule anayemjua. Mwanamke aliyemlea akimtazama tu, mbwa atamwendea. Kwa hiyo anatazama ukutani. Tena na tena, mpaka mbwa amtazame mgeni. Kazi aliyoifanya miezi yote ile anaimaliza kwa kujifanya hayupo.

Mbwa hutoka langoni na mtu wake mpya. Mwanamke hurudi seli yenye bakuli tupu na manyoya kwenye blanketi. Wengine huomba kupumzika kidogo kabla ya kupewa mwingine. Wengine huomba apatikane upesi. Akiletwa, mara nyingi hajulikani alikotoka wala aliyempiga. Atajibanza chini ya kitanda akikataa chakula, na yule mwanamke ataketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, kipande cha biskuti kiganjani, bila kunyoosha mkono.