Nani Anapumzika Tunapopumzika?



Tangu niliporudi kutoka Alaska, watu wa parokiani kwetu huniuliza maswali mawili. La kwanza: "Frateri, huko kwenye meli kukoje?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na wazee: "Mseminari anatafuta nini kwenye meli ya starehe?" Maswali yote mawili ni ya haki. Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu jibu la swali la pili nililikuta ndani ya la kwanza.

Mama Mkubwa na Baba Mkubwa ndio walionilea baada ya mama yangu mzazi kufariki. Mama Mkubwa alikuwa mpishi katika hospitali ya misheni kwa miaka 28. Binti yao, ambaye kwangu ni dada, ni nesi mjini Seattle, Marekani, na alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa miaka 9. Wazee walipotimiza miaka 50 ya ndoa, dada aliwalipia safari ya siku 7 kwa meli ya kitalii, Julai 2023. Kwa kuwa Baba Mkubwa anaumwa magoti na Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, dada alinilipia nami niwe fimbo yake na mdomo wake. Ilikuwa likizo ndefu, na Gombera aliniruhusu.

Anayepanga safari ya namna hii aanze na karatasi. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya huko ya mwaka 1886 haiziruhusu kubeba abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Kwa hiyo meli inayoanzia na kumalizia Seattle hulazimika kugusa nchi nyingine, na ndiyo maana hupita Victoria, Kanada. Mtanzania anahitaji visa ya Kanada pia, na visa ya Marekani inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Wapo wanaogundua jambo hilo wakiwa tayari wamelipa nauli.

Jambo la pili ni ukubwa. Meli yetu ilibeba abiria wapatao 4,000 na wafanyakazi zaidi ya 1,600. Ukitaka kupata picha, chukua waumini wa misa zote za Jumapili za parokia kubwa, uwaweke katika jengo moja lenye lifti, kumbi za chakula, ukumbi wa maonyesho na duka la dawa, kisha ulisukume jengo hilo baharini. Siku ya kwanza kila mtu huhudhuria zoezi la usalama na kuoneshwa mahali pa kukusanyika ikitokea hatari. Usilikwepe. Siku mbili za mwanzo utapotea. Baba Mkubwa alifunga kitambaa cha kitenge kwenye kitasa cha mlango wetu, na hakupotea tena.

Baridi nayo ina namna yake. Mwezi Julai pale Juneau mchana hufika nyuzi joto 17 hivi, kama asubuhi ya Julai kwetu mlimani. Lakini juu ya sitaha, meli ikiwa inakwenda na upepo ukitoka kwenye barafu, ni baridi nyingine kabisa. Usitegemee koti moja zito. Vaa nguo kadhaa nyepesi zilizopangana, sweta, kofia ya sufu, glovu, na juu ya yote koti la mvua, maana mvua haipigi hodi. Mji wa Ketchikan hupata zaidi ya mita 3 za mvua kwa mwaka. Giza pia litakushangaza: saa 4 usiku bado kuna mwanga, na mwili haujui saa ya kulala. Njia nyingi hupita kati ya visiwa, ambako maji ni matulivu, ila kuna sehemu za bahari wazi ambako tumbo hukumbuka kila ulichokula. Beba tangawizi, au dawa uliyoshauriwa na daktari.

Hayo yote yanaweza kuandaliwa. Ambalo hatukuliandaa ni kuhudumiwa.

Asubuhi ya Jumapili, siku ya kwanza ya safari, mhudumu wa chumba alikuta vitanda vimetandikwa, taulo zimekunjwa na sinki linang'aa. Mama Mkubwa alikuwa ameamka saa 11 alfajiri kufanya kazi hiyo. Kijana akasimama mlangoni, hajui afanye nini. Alikuwa na miaka 29, mtu wa Flores, kisiwa cha Indonesia ambacho wakazi wake wengi ni Wakatoliki. Kwa adabu kubwa aliniomba nimweleze mama kwamba mkuu wake akipita na kumkuta hana la kufanya, haitakuwa vizuri kwake. Nilipotafsiri, Mama Mkubwa akajibu, "Mwambie mimi nimetandika vitanda vya wagonjwa miaka 28. Siwezi kukaa kama sanamu mtoto wa mwenzangu ananitandikia." Dada alikasirika. "Mama, nimelipa ili upumzike!" Mama Mkubwa akamtazama kwa muda, kisha akasema, "Na huyu amelipiwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Tukaenda kunywa chai tukiwa wanne tusiosemezana.

Siku hiyo ilikuwa 9 Julai, Jumapili ya pili ya mwezi, ambayo Kanisa huiadhimisha kama Jumapili ya Bahari, siku ya kuwaombea mabaharia na familia zao. Katika meli alikuwamo padre mstaafu, mzee Mmarekani. Baada ya misa ya abiria alitangaza kwamba saa 5 na nusu usiku kutakuwa na misa ya wafanyakazi, akauliza kama kuna wa kumsaidia altareni. Nikainua mkono. Mama Mkubwa akasema naye anakuja.

Walifika kama 40 hivi, wengi bado na sare zao: Wafilipino, Wahindi wa Goa, Waindonesia, na Wakenya wawili. Wengine walisinzia wakati wa mahubiri, na padre aliwaacha wasinzie. Mhudumu wetu alikuwamo, na ndiye aliyesoma somo la kwanza. Wakati wa maombi ya waamini kila mmoja aliomba kwa lugha yake, na mmoja wa wale Wakenya alimwombea mama yake mgonjwa kwa Kiswahili. Misa ilipokwisha walimjia Mama Mkubwa: "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akalia.

Nilizungumza nao kidogo usiku ule. Walinieleza kwamba hufanya kazi saa kumi na zaidi kwa siku, siku 7 za wiki, kwa mkataba wa miezi 8. Upo mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini, wa mwaka 2006, unaotaka baharia apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Ni sheria njema, na ilipatikana kwa jasho. Lakini fanya hesabu mwenyewe: saa 77 kati ya 168, na humo ndani mtu alale, aoge, afue, na azungumze na mtoto aliyemwacha akiwa na miezi 3. Hivyo ndivyo alivyomwacha wake yule kijana wa Flores.

Tangu hapo somo la falsafa lilinifuata hadi sitahani. Aristotle anafundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate faragha, yaani muda huru wa kutafakari yaliyo bora. Ni fundisho zuri. Ila katika mji alioufikiria yeye, muda huru wa wachache ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na hakuona tatizo. Josef Pieper, mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, aliandika mwaka 1948 kwamba mapumziko ya kweli yana mzizi katika ibada. Hapo tunasogea mbele. Lakini Maandiko yanatangulia wote wawili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, amri ya Sabato inamtaja mtumwa na mjakazi, na inatoa sababu: wapumzike kama wewe unavyopumzika. Mungu hakuamuru tu kwamba nipumzike. Aliniuliza pia kuhusu wa jikoni.

Tuliona mengi siku zilizofuata. Juneau ni makao makuu ya jimbo la Alaska, mji wa watu kama 32,000 usiofikika kwa barabara kutoka nje. Utafika kwa maji au kwa ndege. Tulikwenda hadi kwenye madhabahu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, kikanisa cha mawe juu ya kisiwa kidogo, nje ya mji. Ajabu ya Mungu, mtawa ambaye hakuwahi kutoka kwenda umisionari ndiye msimamizi wa misheni, na wa Alaska pia. Skagway tulioneshwa njia walizopita watafuta dhahabu wa mwaka 1897 na 1898.

Jumatano tuliingia Glacier Bay. Meli kubwa mbili tu huruhusiwa humo kwa siku. Asubuhi wahifadhi huja kwa boti, hupanda melini na kueleza kwa kipaza sauti. Wahudumu wanapita na supu ya moto, na watu 4,000 wananyamaza. Mbele yetu palikuwa na mto wa barafu uitwao Margerie, wenye urefu wa kilomita 34 hivi, ukuta wake ukisimama zaidi ya mita 70 juu ya maji, rangi ya buluu kama ya moto wa gesi. Kipande kinapomeguka unakiona kwanza, kisha ndipo ngurumo inakufikia. Mhifadhi alieleza kwamba mwaka 1794 karibu ghuba yote ilikuwa barafu, na tangu hapo imerudi nyuma kiasi cha kilomita 100. Baba Mkubwa akavua kofia. "Hata yetu inakwenda," akasema. Alizaliwa chini ya Kilimanjaro, ambako zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha.

Wakati huo mhudumu wetu aliingia kubadilisha taulo. Mama Mkubwa alikuwa kwenye roshani ya chumba. Akanituma nimuulize: "Umeshaiona?" Kijana akacheka. Alikuwa amepita ghuba ile kila wiki tangu Mei, lakini saa ya barafu ni saa ya vyumba. Mama Mkubwa hakusubiri tafsiri zaidi. Alimshika mkono kama anavyomshika mtoto wa jirani, akamtoa nje. "Njoo uone." Kijana alisimama pale dakika mbili, tatu, taulo begani. Barafu ikameguka. Akafanya ishara ya msalaba, akasema asante, akarudi kazini.

Dada aliyaona hayo yote. Mama yake akamgeukia na kumuuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, unapumzika lini?" Hapo ndipo tulipojua kwamba safari ile ameilipa kwa zamu za ziada za usiku, karibu miaka 2. Walikaa roshanini hadi chakula cha mchana, wamejifunika blanketi moja. Mimi na Baba Mkubwa tukatafuta shughuli nyingine. Desemba iliyofuata dada alikuja nyumbani, akakaa wiki tatu. Hakulipia mtu chochote. Alilala hadi saa 3 asubuhi, na Mama Mkubwa akamkataza yeyote kumwamsha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kupanda meli ya namna ile, usiingie kwa aibu. Uzuri wa uumbaji si dhambi, wala kuhudumiwa si dhambi. Mwachie mhudumu kitanda chake. Muulize jina na nyumbani kwao. Bakshishi hukatwa kwenye hesabu yako kila siku, kwetu zaidi ya dola 15 kwa kila mtu, usiombe irudishwe. Ukisikia kuna misa ya usiku, nenda, hata kama umechoka kwa kula. Na sisi wa huku tulio mbali na barafu, tukumbuke kwamba Dar es Salaam, Tanga na Mombasa meli hutia nanga kila siku, na ndani yake wamo watu ambao Jumapili imewapita. Utume wa Kanisa kwa mabaharia, Stella Maris, ulianza mwaka 1920 mjini Glasgow kwa walei waliowaona watu hao bandarini kwao.

Nami hapa seminarini, kengele ya asubuhi inapotuamsha, uji uko tayari. Mpishi wetu hutoka kwake saa 10 alfajiri. Muhula huu tumekubaliana darasani kwamba Jumapili jioni tunapika wenyewe. Wali wetu wa kwanza uliungua, lakini yeye alikuwa nyumbani na wanawe.