Mwongozaji Asiye na Amri

Kila msimu wa baridi mimi na wanangu hutembea kwa miguu katika mchanga wa Wahiba, jangwa la mashariki ya Omani lenye urefu wa takriban kilomita 180. Hutuongoza mzee wa Kibedui. Hana amri juu yetu. Hutushauri tu: pumzikeni chini ya mti huu, msilipande tuta lile jua likishakuwa kali. Twaweza kumkatalia, lakini hatuthubutu, kwani yeye ndiye ajuaye maji yalipo.

Ndugu msomaji, nayataja haya kwa sababu ya mjadala wa nyumbani kwetu. Mabaraza ya manispaa ya Omani yalichaguliwa kwa kura kwa mara ya kwanza mwaka 2012. Ami yangu, aliyetoka Unguja akiwa kijana, hajapiga kura hata siku moja. “Mwanangu,” huniambia, “mabaraza hayo hutoa ushauri tu. Kura ya nini?”

Mwaka 2022 kura zilipigwa kwa simu za mkononi. Binti yangu, aliyekuwa akipiga kwa mara ya kwanza, alimwendea kwa adabu. “Babu, njia uliyoangukia ukirudi kutoka sala ya Isha ingali giza. Namchagua anayesema pawekwe taa.” Ami akanyamaza.

Ushauri si kitu hafifu. Barabara, taa, usafi na njia za maji ya mvua sharti zisemewe na mtu barazani. Tusipomchagua sisi anayeijua njia yetu, atashauri asiyewahi kuipita.