Hani Moja

Saa saba usiku, Zimmerman. Stima ipo, bando limebaki la nusu saa hivi. Kwenye simu yangu kuna watu watatu nisiowajua, nadhani Wajapani, maana kule Tokyo saa hii ni saa moja asubuhi na mmoja wao anacheza kwa haraka kama mtu anayekaribia stesheni yake. Ni raundi ya mwisho. Tuko wanne, na mimi ni wa nne.

Mahjongi ya Kijapani nilifundishwa na rumeti wangu, mwaka wa pili chuoni. Jamaa alikuwa mtu wa anime, akanionyesha Saki, hadithi ya wasichana wa shule wanaochukulia mahjongi kama vile sisi tunavyochukulia mpira. Humo kuna msichana anaitwa Amae Koromo, ambaye hushinda kwa kigae cha mwisho kabisa, tena na tena. Nikamwambia rumeti huo ni uongo. Akasema hiyo tena na tena ndiyo uongo, lakini ushindi wenyewe upo kwenye sheria.

Unaitwa haitei raoyue, yaani kuuchota mwezi kutoka chini ya bahari. Vigae vyote ni 136. Kila mchezaji anaanza na 13, vingine 14 vinawekwa kando, vinabaki 70 ukutani vya kuchotwa kwa zamu. Ukishinda kwa kuchota kile cha mwisho, hiyo ni haitei. Na ina ndugu yake. Vigae vilivyotupwa mezani huitwa mto, na ukishinda kwa kigae cha mwisho kutupwa, hiyo ni hotei raoyui: kuvua samaki kutoka chini ya mto.

Ukisikia majina hayo unadhani kuna utajiri. Hakuna. Kila moja inakupa hani moja tu.

Lakini kuna kitu kingine. Katika mchezo huu haitoshi mkono wako ukamilike. Unaweza kuwa na seti zako nne na jozi yako moja, hakuna kinachokosekana, na bado usiruhusiwe kushinda, kwa sababu huna yaku. Yaku ni sababu ya ushindi inayotambuliwa na sheria. Siku zangu za kwanza nilikuwa nakamilisha mkono, nabonyeza skrini, hakuna kinachotokea. Nikafikiri simu imeharibika.

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Karo ya mihula miwili ilikuwa haijalipwa, nikazuiwa mtihani, nikajiambia nitarudi Januari. Januari zimepita mbili. Siku hizi naandika. Nyingi ya kazi zangu ni insha za wanafunzi wa Marekani, za sosholojia, historia, hata uuguzi. Wao wanapata digrii, mimi napata pesa ya kodi. Nikiomba kazi ya ofisi, swali la kwanza ni cheti kiko wapi. Mamangu naye, kila akipiga simu, alikuwa anauliza masomo yanaendeleaje, na mimi najibu yanaendelea. Nilipanga kumwambia siku nitakayokuwa na kitu kikubwa cha kuweka kando ya hiyo habari. Labda pesa, au nafasi ya kurudi.

Turudi mezani. Nilikuwa nimechukua vigae vya wenzangu mara mbili ili niharakishe, na ukishafanya hivyo huwezi kutangaza richi, ambayo ndiyo yaku rahisi ya kila mtu. Mkono wangu ulikuwa unangoja saba ya mianzi, bila yaku yoyote. Saba mbili zilitupwa mtoni mbele ya macho yangu na sikuweza kuzigusa. Mchezaji wa tatu akatangaza richi, akaweka kijiti chake cha alama 1,000 mezani. Hata baada ya kukiweka alikuwa mbele yangu kwa 2,200. Vigae vikiisha bila mshindi, sisi wawili tungegawana fidia sawa, na mimi ningebaki mkiani.

Nikahesabu ukuta. Kuchukua kigae cha mwenzako husogeza zamu, na zamu zilikuwa zimesogea hivi kwamba kigae cha sabini kilikuwa changu. Nikikikosa, ningelazimika kutupa kitu, na huyo wa richi angeweza kukivua kwa hotei.

Nikachota. Saba ya mianzi.

Malipo: wawili 300 kila mmoja, muuza raundi 500. Jumla 1,100, pamoja na kile kijiti, 2,100. Wa tatu naye akawa amepoteza 300. Nikampita kwa alama 200. Kwenye anime bahari yote hufunguka. Kwangu bando liliisha kabla matokeo hayajamaliza kuonekana.

Sikulala haraka. Kilichonikaa kichwani si bahati, ni ule udogo wa alama. Hani moja ilitosha kunitoa mkiani, na ilinikuta kwa sababu tu sikuwa nimeuvunja mkono ambao kwa muda wote ule haukuwa na ruhusa ya kushinda.

Asubuhi nikampigia mamangu, bila kitu chochote kikubwa cha kuweka kando.

"Mum, mimi niliacha shule."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wake.

"Nilijua," akasema. "Tangu mwaka juzi. Uliacha kuniomba karo."

Sikuwa na jibu.

"Sasa unakula?"

"Nakula, Mum."

"Na hiyo kazi unayofanya usiku ni gani? Niambie vizuri, nielewe."

Nikaanza kumweleza.