Kituo cha Saba Saba

Mapema mwaka 2025 wenzangu wa Nairobi waliniomba nitunge shairi la kusomwa katika kikao chao cha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Ombi la namna hiyo halimkoseshi usingizi mtu wa Tanga. Jioni moja nilikaa barazani na daftari langu, na kabla ya adhana ya isha nilikuwa nimekwisha kupata kituo:

*Saba Saba siku njema, Kiswahili kutukuka.*

Nilijipongeza. Mizani ilitimia, nane kwa nane. Tena jina la siku yenyewe lina mizani nne kamili, nusu ya kipande, kana kwamba walioliita hivyo walikuwa watunzi. Nikaandika beti saba, kwa heshima ya saba, kisha nikampelekea rafiki yangu mmoja wa huko Nairobi, malenga mwenye ulimi wa pilipili, anipitilie. Jibu lake lilikuwa fupi: "Shairi zuri, ndugu yangu, ila umeimba nusu ya siku."

Nusu niliyoiimba niliijua vyema. Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954, wajumbe wa chama cha TAA walikutana Dar es Salaam wakaunda TANU, chini ya urais wa Mwalimu Julius Nyerere. Waasisi walikuwa 17, na sisi watu wa vina hupenda kukumbusha kwamba mmoja wao, Saadani Abdu Kandoro, alikuwa mshairi. Chama kile kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya majukwaa yake katika nchi yenye makabila zaidi ya mia moja. Mkutano wa Lindi na mkutano wa Mwanza ilizungumza kwa kauli moja, na miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikawa huru. Ndiyo sababu UNESCO, katika Mkutano wake Mkuu wa 41, tarehe 23 Novemba 2021, iliichagua 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili. Hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa siku yake kabla ya hapo.

Mambo hayo yote yalikuwamo katika beti zangu. Nusu ya pili niliijua pia, lakini kwa namna ambayo mtu huijua chumba cha nyumbani kwao ambacho hakifunguliwi.

Kwanza niseme neno juu ya jina lenyewe. Sikukuu zetu nyingi huitwa kwa tukio: Mapinduzi, Muungano, Uhuru. Hakuna aitaye Muungano "Ishirini na Sita Nne". Saba Saba na mdogo wake Nane Nane zimepata jina kwa hesabu tupu. Na jina la hesabu ni kama chungu kisicho na kitu. Kila mwenye nyumba hupikia chake. Hata neno "saba" lenyewe ni mgeni aliyekaribishwa kutoka Kiarabu. Wazee wetu walikuwa na "fungate", neno ambalo jamaa zake bado wamo katika baadhi ya lugha za Kibantu za Tanzania, na ambalo kwetu limebaki kwa maharusi tu, katika zile siku saba za kukaa ndani. Saba ya kuhesabia tuliiazima, saba ya furaha tukaihifadhi.

Furaha hiyo niliionja nikiwa na umri wa miaka kumi. Julai ya 1990 mama alinichukua kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kuona maonyesho ya Saba Saba, katika viwanja vile vya Barabara ya Kilwa ambavyo hadi leo watu huviita Sabasaba bila kuongeza neno. Nakumbuka vumbi, bendi, matrekta mapya yaliyopangwa kama wanafunzi mstarini, na askrimu ya koni iliyoniyeyukia mkononi kabla sijaimaliza. Ilikuwa Jumamosi. Nilirudi tulikofikia nikiwa nimebebwa mgongoni.

Jumamosi hiyohiyo mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa Nairobi. Alikuwa amevuka mpaka miaka kadhaa kabla, akapanga chumba Majengo, Pumwani, akiuza mitumba Gikomba. Kutoka Majengo hadi uwanja wa Kamukunji ni mwendo wa miguu tu. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano hapo tarehe 7 Julai, kudai mfumo wa vyama vingi. Serikali iliupiga marufuku, na siku tatu kabla yake ikawatia wote wawili kizuizini bila mashtaka. Watu walikwenda hata hivyo. Wakainua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, na polisi wakawakabili kwa marungu, vitoa machozi na risasi. Ghasia ziliendelea kwa siku kadhaa na kuenea nje ya Nairobi. Watu wasiopungua 20 waliuawa, na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Ilikuwa mpaka Desemba 1991 ndipo kifungu cha katiba kilichokiruhusu chama kimoja tu kilipofutwa.

Mama alisikia habari redioni tulipokuwa tumekwisha kurejea Tanga. Simu hatukuwa nayo. Barua ya mjomba ilifika baada ya wiki nyingi, nayo ilikuwa na sentensi chache: yu hai, asiulizwe, watoto wasalimiwe. Alipokuja likizo, miaka miwili baadaye, nilimrukia nikamwomba anipeleke Saba Saba. Aliniweka chini taratibu, akasema anakwenda kuswali, na haukuwa wakati wa swala. Tangu hapo nilifahamu, bila kuelezwa, kwamba neno hilo halitamkwi mbele yake. Na hivyo ndivyo nilivyokua hadi nikawa mtunzi wa beti saba za siku njema.

Nilisafiri kwenda Nairobi siku tatu kabla ya kikao, nikivukia Horohoro. Katika foleni ya mpakani nilikumbuka kwamba hata Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 7 Julai, mwaka 2000, na kwamba ibara yake ya 137 inataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya kuwasiliana watu wa Jumuiya. Nikaongeza ubeti wa nane papo hapo, nimesimama, nikiuegemeza mgongoni kwa msafiri mwenzangu. Nilikuwa bado naimba nusu.

Kikao hakikufanyika. Jumatatu ya tarehe 7 Julai 2025, ikiwa imetimia miaka 35, vijana wa Kenya walikuwa wametangaza maandamano ya kumbukumbu, na tangu alfajiri barabara za kuingilia katikati ya jiji zilifungwa kwa vizuizi vya polisi. Maduka hayakufunguliwa. Nilifikia kwa mjomba, na kwa mjomba nikabaki. Kwa mbali tulisikia milio. Siku moja baadaye Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu waliokufa zaidi ya 30. Mimi, mgeni wa Siku ya Kiswahili, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na beti zangu nane mfukoni.

Asubuhi ile nilimwamkia mjomba, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaita wajukuu wake wawili ambao hawakwenda shule. Ana desturi ya kula tende saba kila asubuhi. Akafungua kifurushi, akamkabidhi mkubwa wao, akamwambia: "Wewe na mwenzio, gawaneni saba saba."

Nilimtazama. Alikuwa ametamka neno ambalo kwa miaka 33 niliamini halitamki, na hakushtuka, kwa kuwa hakutamka tarehe. Alikuwa anagawa tende.

Wapenzi wa lugha mtanielewa. Kiswahili kinaporudufu neno hufanya mambo mengi. "Polepole" hukaza, "maji maji" huonyesha chepechepe. Lakini namba ikirudufiwa, kazi yake ya kwanza ni kugawa: mmoja mmoja, wawili wawili, saba saba. Maana yake si saba mara mbili ziwe lundo moja. Maana yake ni kwamba kila mtu ana saba yake, na saba ya huyu haimpunguzii yule. Kwa miaka yote nilikuwa nalisoma jina la siku kama mkazo, kama ngoma inayopigwa mara mbili. Sarufi ilikuwa inaniambia jambo jingine tangu utotoni.

Nikapata ujasiri. Nikamuuliza: "Mjomba, ile Saba Saba yako ilikuwaje?"

Alinyamaza mpaka watoto wakamaliza tende. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba hakuwa mwanasiasa. Alikuwa anakaa chumba kimoja na kijana mwenzake, fundi viatu. Mchana wa siku ile yule kijana alitoka kwenda kuangalia kama kibanda chake kimesalimika. Mjomba alimtafuta siku tatu, mahabusu na vyumba vya maiti, hakumpata popote. Viatu vya wateja vilibaki chumbani zaidi ya mwaka. "Kila aliyekuja kuchukua vyake," akasema, "aliniuliza fundi yuko wapi. Nikawa namjibu: katoka kidogo."

Akanitazama. "Nyinyi mlikuwa Dar, siyo? Mama yako aliniandikia. Ulikula koni ikakuchafua shati." Akacheka kidogo, na kicheko kile hakikuwa na lawama. "Barua ile niliisoma mara nyingi. Nilifurahi kuwa mahali fulani siku ile mtoto alichafuka kwa koni."

Nilikuwa nimeogopa miaka yote kwamba furaha yangu ni tusi kwa msiba wake. Kumbe yeye aliihitaji. Kilichomchoma ni kwamba hakuna aliyemwomba sehemu yake ya siku, wala kuikubali mezani pamoja na yetu.

Nilimsimulia malenga rafiki yangu mambo haya kwa simu usiku ule. Hakunipa nafasi ya kujitetea. Alinikumbusha kwamba "kamukunji" kwa Wakenya limekwisha kuwa nomino ya kawaida. Wanafunzi wa vyuo wakikusanyika ghafla kudai haki yao husema wamefanya kamukunji. "Nyinyi jina la siku mmelifanya uwanja," akasema, "sisi jina la uwanja tumelifanya kitenzi kasoro kiambishi." Kisha akaniongezea mzigo: niwaulize Waganda. Kwao, tangu vita vya 1978 na 1979, "saba saba" ni jina la mizinga ya roketi ya jeshi la Tanzania. Mtu mzima wa Masaka akilisikia neno hilo, huenda kwanza akakumbuka mvumo wa roketi, kabla ya sikukuu yoyote. Na mizinga hiyo ilitoka kwetu, watu wa maonyesho na askrimu.

Sisemi kwamba Siku ya Kiswahili ihamishwe, wala kwamba watu wavae nyeusi tarehe 7 Julai. TANU ilizaliwa kweli, na lugha yetu ilibeba nchi nzima mgongoni kweli. Ninachosema kinatuhusu sisi tunaoandika. Kila mwaka magazeti na majukwaa hujaa tenzi za Saba Saba, na karibu zote husifu lugha iliyounganisha watu. Lakini lugha iliyounganisha watu ndiyo iliyotumika kumjibu mteja wa fundi viatu: katoka kidogo. Sifa isiyoweza kuibeba sentensi hiyo inasifu lugha nyingine, si hii tunayoizungumza. Kiswahili cha kweli kina wenyewe wengi, na wenyewe hao hawakuwa mahali pamoja siku ile.

Beti zangu nane nilizichana. Kabla ya kuondoka Nairobi nilimsomea mjomba ubeti mmoja, na kituo chake ni chake yeye, mimi nimekipima mizani tu:

*Neno moja nyumba mbili, kila nyumba na habari,*
*Huku wapakua wali, kule wachimba kaburi,*
*Nawe lugha Kiswahili, usifanye moja siri,*
*Saba Saba tugawane, kila mtu saba yake.*

Alisikiliza amefumba macho, midomo ikihesabu. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama fundi aulizavyo: "Nyumba mbili tu?"

Nikamwambia kuhusu Masaka. Akatikisa kichwa kukubali, akasema: "Basi hujamaliza, mwanangu."

Kweli sijamaliza. Ubeti wa pili nimeuanza mara kadhaa, na kila mara vina vinakuja kabla ya ukweli, nami navifuta. Kituo nacho kinangoja.