Zamu

Mchungaji alimwita mdogo wangu mbele mara mbili. Mara ya kwanza akajifanya hajasikia. Mara ya pili kanisa zima likageuka kumwangalia, mikono tayari kwa makofi, na mama mmoja wa kwaya akaanza kuimba polepole, vile huimbwa mtu anapoenda kutoa ushuhuda. Akasimama. Nikadhani anaenda. Akapita katikati ya viti, akaelekea mlangoni, akatoka, na tukasikia pikipiki ikiwaka.

Ilikuwa Jumapili ya tatu tangu ajali ya Londiani Junction. Yeye alikuwa pale, na alitoka mzima.

"Bado ana uchungu," mchungaji akasema kwa maikrofoni. "Lakini Mungu bado ana kazi na yeye." Watu wakasema amina. Viti viwili mbele yangu alikuwa ameketi mama aliyekuwa amemzika kijana wake wiki hiyo. Na yeye akasema amina. Ibada yote sikusikia kitu kingine. Niliangalia tu kitambaa chake cha kichwa.

Kwetu ni Kipkelion, ile ya upande wa Londiani. Ukisema unatoka Kaunti ya Kericho, watu wa Nairobi wanaona majani chai tu. Lakini ukifuata barabara kuu kutoka Kericho kuelekea Nakuru, chai inaisha, baridi inazidi, unaanza kuona mahindi, viazi, karoti na kabeji. Pale Junction ndipo vitu hivyo vilikuwa vikiuzwa, kando kabisa ya lami, kwa wasafiri wanaosimama dakika mbili. Kina mama na ndoo zao. Matatu zikipakia. Na steji ya bodaboda, ambako mdogo wangu, akiwa na miaka 22 na deni la pikipiki, alikuwa anashinda kutwa nzima.

Ijumaa, 30 Juni 2023, jioni kwenye saa kumi na mbili unusu hivi, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo, likaingia pale pote: kwa matatu, kwa boda, kwa wachuuzi, kwa waliokuwa wanangoja tu gari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Mvua nayo ikanyesha, waokoaji wakafanya kazi kwa shida.

Mimi nilikuwa kwa matatu naelekea Rongai. Simu yake haikuingia kwa saa mbili. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo hata sasa naona aibu kuvitaja. Nilikuwa najadiliana bei kama mtu aliye sokoni. Ikipita saa mbili usiku, simu ikashikwa. Akasema neno moja tu, "Niko," ikakatika.

Nililia mbele ya abiria wote. Halafu nikafanya kile sisi hufanya. Nikaweka status: "Mungu ni mwaminifu", na kopa nyekundu chini yake.

Kesho yake ndipo niliangalia walioiona. Kati yao kulikuwa na msichana niliyesoma naye, dada ya rafiki mkubwa wa mdogo wangu pale steji. Aliiona saa tatu usiku. Saa hiyo alikuwa anazunguka hospitalini akimtafuta kaka yake. Hakunijibu kitu. Kaka yake alipatikana mochari. Nikafuta ile status, kana kwamba kufuta ni kutubu.

Nisieleweke vibaya. Mimi nimelelewa na ushuhuda. Miaka ambayo mahindi yalikauka na karo haikuwepo, ni ushuhuda wa kina mama wa Jumatano uliotushikilia. Lakini ushuhuda wetu wa mwezi huo ulikuwa na hesabu mbaya. Ukisema Mungu alimtoa huyu, aliyeketi viti viwili mbele yako ana haki ya kuuliza wake alikuwa wapi kwenye orodha. Haulizi, kwa sababu ana adabu. Anasema amina.

Niliomba ruhusa kazini nikakaa nyumbani mwezi mzima. Ndiyo nikajua kwamba mdogo wangu halali. Saa tisa usiku hivi nasikia mlango, anaenda jikoni, ile jiko ya nje, anachochea kuni. Baada ya dakika chache mlango tena: Mama.

Usiku wa tatu nikawafuata. Mama yangu ni mtu wa maombi ya sauti, akianza kuomba hata mbwa wa jirani wanajua. Nilitarajia nitamkuta amemwekea mikono kichwani. Lakini nilimkuta anamenya viazi vya kesho. Hakuna aliyekuwa anaongea. Mama akanisukumia kigoda kwa mguu, nikaketi. Tukaketi hivyo hadi jogoo.

Siku nyingine, saa hizo hizo, bila kuulizwa, akatuambia kuhusu kengele.

Mama hakuzaliwa huku kwa kina Baba. Alizaliwa karibu na mji wa Kipkelion, wakati wazee bado wanauita Lumbwa. Huko kulikuwa na monasteri ya Watrapisti, watawa waliokuja kutoka Uholanzi mwaka wa 1956. Sisi si Wakatoliki, na akiwa mtoto hakuelewa wale wanaume wasiooa na wasiopenda kuongea wanafanya nini pale. Alichojua ni kwamba waliamka kuomba kabla ya mapambazuko, usiku ukiwa bado mzito, na kengele yao ilisikika hadi kwao. Akiamka na ndoto mbaya, nyanya yetu alikuwa anamwambia, "Umesikia? Wameamka. Wewe lala."

Kisha ikaja ile vita ya uchaguzi. Mwanzo wa 2008 nyumba zilichomwa Kipkelion, na waliofukuzwa kwao wakakimbilia kwa wale watawa. Mwaka huohuo watawa wenyewe wakaondoka, wakahamia Uganda. Mama alikuwa ameshaolewa huku, lakini alienda kwao kuangalia wazazi, akalala huko, na usiku akangoja kengele hadi kukapambazuka. Hakuna.

"Ndiyo mimi nikaanza kuamka," akasema.

Mdogo wangu akainua kichwa. "Tangu 2008?"

"Si kila siku. Kuna siku usingizi unanishinda."

"Na unamwambia Mungu nini usiku wote?"

"Mara nyingi simwambii kitu. Naketi."

Miaka 15 nimeishi na kulala katika nyumba ambayo mtu alikuwa macho, na sikujua.

Baadaye, nikiwa na simu na bando, nilisoma kuhusu sala za watu kama wale. Nikapata kwamba katika sala za kila siku za Kanisa Katoliki, Zaburi ya 88 ndiyo husaliwa Ijumaa usiku kabla ya kulala. Nikafungua Biblia kuisoma. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni: mtu analia, halafu mstari wa mwisho anasifu. Hii haigeuki. Hemani anamlilia Mungu mchana na usiku, anamlaumu wazi, na zaburi inaishia gizani. Sijawahi kusikia ikihubiriwa. Lakini mtu aliiacha ndani ya Biblia, na watu huisali Ijumaa usiku kwa pamoja, hata wale ambao wiki yao ilikuwa nzuri. Niliisoma jikoni kwa sauti, kwa sababu sikuwa na lingine la kusema. Mdogo wangu akaniambia rudia. Nikarudia.

Nikimaliza mara ya pili ndipo akasema.

"Haikuwa zamu yangu."

Tukanyamaza.

Jioni ile mama mmoja alikuja steji na gunia la karoti. Kwa foleni aliyekuwa wa kwanza ni yule rafiki yake. Lakini kulikuwa na baridi, na jamaa alikuwa ameagiza chai. Akamwambia mdogo wangu, "Peleka wewe, mimi nangoja chai." Walibishana na yule mama juu ya nauli, shilingi 50 tu, karibu akatae. Kisha akakubali. Hawakuwa wamefika kilomita moja waliposikia ule mshindo.

"Sasa mchungaji anataka niseme nini?" akauliza. "Kwamba Mungu alimtuma na kiu ya chai?"

Nilifungua mdomo kusema si kosa lako, ile kauli sisi tuliosoma huwa nayo tayari. Mama akanikata jicho. Akaweka kisu chini.

"Kesho twende kwa mamake," akasema.

Tulienda na maziwa na kilo mbili za sukari. Yule mama, yule wa kitambaa, akatupokea, akatandika kiti vizuri. Mdogo wangu hakungoja hata kukaribishwa mara ya pili. Akasema yote akiwa amesimama, haraka, anaangalia chini. Foleni, gunia, chai.

Mama wa watu akakaa kimya muda mrefu sana. Nilisikia kuku nje.

"Hiyo chai," akauliza mwishowe, "aliipata?"

"Nikiwasha pikipiki alikuwa amepewa kikombe."

"Moto?"

"Ilikuwa inatoa moshi."

Akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, halafu akalia kilio ambacho sijawahi kusikia matangani. Mama yangu akahama kiti akaketi naye, bega kwa bega. Hakuna aliyeombea mtu. Tulitoka pale jua likishuka.

Yule Mungu niliyemwahidi vitu kwa matatu, sikumpata jikoni kwetu wala kwa nyumba ile. Niliyemkuta huko hakuwa na maelezo. Lakini alikuwepo, hilo naweza kulisema hata mbele ya kanisa nikiitwa, na sijui kama wataniimbia.

Mdogo wangu bado hajatoa ushuhuda. Kila asubuhi hupitia kwa yule mama, hubeba maziwa yake hadi yanakopokelewa, halafu ndiyo anaenda kazini. Kanisani huketi karibu na mlango. Kuna Jumapili haji.

Mimi nilirudi Rongai. Halali vizuri hata sasa, na mimi pia nimezoea kuamka. Saa tisa usiku simu inawaka juu ya godoro.

"Uko?"

"Niko."