Kufuata na Kukimbiza

Jioni ya tarehe 22 Mei 2023, vijana wawili, mmoja wa miaka 16 na mwingine 15, walikufa kwa ajali ya baiskeli ya umeme huko Ely, pembezoni mwa jiji la Cardiff, Wales. Usiku uleule magari yakachomwa moto, watu wakisema polisi ndio waliowakimbiza. Kamishna wa kuchaguliwa anayelisimamia jeshi la polisi la eneo hilo akasema habari za kukimbizwa ni uvumi. Kisha ikatoka video ya kamera ya usalama: baiskeli inapita, na nyuma yake gari la polisi. Hapo polisi wakakubali kwamba walikuwa wakiwafuata, ila ajali ilipotokea hakukuwa na gari lao kwenye barabara ile.

Neno hilo, kuwafuata, limenikaa kichwani. Mtu hufuata maji kisimani. Humfuata mtoto shuleni. Anayekimbizwa yuko kwenye habari nyingine kabisa, lakini ukigeuka na kuona gari la polisi mgongoni, tofauti hiyo utaipimaje?

Kesi hii niliikuta nikitafuta mifano ya tasnifu yangu ya uzamili wa sheria. Nilichokuwa nikikitafuta hasa, nadhani, ni binamu yangu. Ni dereva wa bodaboda. Siku hiyo aliona askari njiapanda, hana leseni, akageuza. Wakamfuata (neno lao) kwa pikipiki. Kwenye kona akaingia mtaroni, paja likavunjika. Shangazi akatumwa kutafuta PF3, ile fomu ya polisi ambayo hospitali huiulizia majeruhi anapofika, na ilibidi aiombe kituo kilekile walikotoka askari wale. Maelezo ya ajali yalisema dereva alishindwa kuimudu pikipiki kutokana na mwendokasi. Hakuna uongo hapo. Lakini sentensi nzima ina mtu mmoja tu, kana kwamba alikuwa akishindana na upepo.

Uingereza, mtu akifa baada ya kukutana na polisi, jeshi lenyewe linalazimika kulipeleka jambo hilo IOPC, ofisi huru iliyoanza kazi Januari 2018. Wachunguzi hukusanya video, mawasiliano ya redio na kumbukumbu za mwendo wa gari, kisha huuliza ni nani aliamua kufuata, na kwa sababu gani. Kenya wana IPOA, na sheria yake ya 2011 inawataka polisi kuitaarifu mara moja kuhusu kifo au jeraha kubwa lililotokana na kazi yao. Siwasifu kupita kiasi. Wachunguzi wengine wa IOPC ni polisi wa zamani, na uchunguzi huchukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mzazi yeyote. Ila angalau anayechagua neno la kuandika siye aliyekuwa ameshika usukani.

Kwetu ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko ya kila aina, ya polisi yakiwamo. Nilimwandikia shangazi anwani yake kwenye karatasi. Akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na nakala ya PF3 na picha za eksirei.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiyo barua haitapitia kituoni kwanza?"