Samaki Niliowaua kwa Usafi

Nimeua samaki kumi na mmoja, na wote nimewaua kwa usafi. Wakati ule nilijiona baba wa mfano.

Tangi alinitengenezea fundi vioo wa Sinza: sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa pomoni. Siku hiyohiyo nikalijaza maji ya bomba, nikatia kokoto, nikawasha filta, na kabla ya magharibi samaki wa dhahabu sita walikuwa ndani. Asubuhi ya tatu wawili wanaelea. Mwanangu akauliza, "Baba, wamelala chali?"

Nikajibu kwamba maji ni machafu. Basi kila Jumamosi nikamwaga maji yote, nikasugua kokoto (mara moja hata kwa sabuni, Mungu anisamehe), sponji ya filta nikaisuuza bombani mpaka ikatakata. Kioo kinang'aa, samaki wanakufa. Nikalilaumu joto la Dar, nikawalaumu wauzaji, nikafikiria hata jicho la jirani.

Nilipokwenda tena kununua wengine, binti muuzaji akakataa pesa yangu. "Sponji unaisafishaje, kaka?" Nikajigamba. Akacheka. "Basi kila Jumamosi unafukuza wafanyakazi wote."

Akanieleza pale pale juu ya ndoo zake. Samaki hutoa amonia, nayo huwaunguza mashavu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huichukua hiyo na kuifanya nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Makazi ya bakteria hao ni sponji na kokoto, ndani ya ule utelezi niliokuwa nikiusugua kwa bidii. Huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na klorini ya bomba huwamaliza.

Nikarudi mikono mitupu. Kwa wiki tano filta ilinguruma kwenye tangi lisilo na samaki, nami kila jioni natia chakula kidogo kioze, bakteria wapate amonia. Mke wangu akaita dada zake waje kumwona mtu anayelisha maji.

Halafu nikatia gapi watatu tu, kwani samaki wa dhahabu hukua wakubwa na uchafu wao ni mwingi mno kwa lita 54. Hawakufa. Baada ya wiki mbili nikaongeza watatu, na sasa wamezaana hadi nawagawia majirani, yule wa jicho akiwa wa kwanza. Kila wiki nabadilisha robo ya maji, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana yake, klorini itoke. Sponji naikamua ndani ya maji yaleyale niliyoyatoa tangini, basi. Umeme ukikatika, nina pampu ndogo ya hewa ya betri.

Ila sponji yenyewe sasa ni ya kahawia, inateleza, na mke wangu haiwezi. Juzi nimemkuta nayo bombani, sabuni mkononi. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikimbia vile.